Nusu Fainali Nyumbani Kwetu

Mwezi huu tunaomba tuongee juu ya televisheni. Si juu ya ubaya wake, maana huo mmeshausikia kanisani, msikitini na kwenye mikutano ya wazazi, na wengine wenu mmetoka mkutanoni mkaenda moja kwa moja kuangalia mpira. Tunataka kuongea juu ya mashindano makubwa yakiangaliwa nyumbani, na watoto wakiwa wamekaa hapo chini kwenye mkeka.

Tunasema nyumbani kwa sababu ni tofauti na banda la video. Kwenye banda unalipa mlangoni, unabanwa kwenye benchi, jasho linakutoka, timu ikifungwa unatukana kidogo halafu unaenda zako. Hakuna mtu anayekuuliza kitu. Nyumbani kuna bibi, kuna mama anayehama na sufuria kwa sababu mmekaa mahali pa kupikia, kuna mtoto wa miaka sita anayeuliza maswali kuliko mchambuzi wa mpira, na kuna majirani. Sisi tulikuwa watu wa banda kwa miaka mingi. Tuliingia kwenye mambo ya nyumbani mwaka 2023, na habari tunayotaka kuwapa ni ya Januari na Februari 2024, wakati wa Kombe la Afrika lililochezwa Kodivaa. Wenzetu wa Kongo tunaliita CAN tu.

Kwanza tuseme televisheni yenyewe ilifikaje. Vijana wengi hawajui kwamba Malawi haikuwa na televisheni ya taifa mpaka mwaka 1999. Enzi za Kamuzu Banda kulikuwa na redio tu, na hapa Dzaleka tunapoishi palikuwa gereza, watu wa siasa walifungwa hapa. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994. Kwa hiyo wale waliotutangulia, habari za mpira walizipata kwa redio ya betri mbili, mmoja anashika antena na kumi wanasikiliza. Kambi ilipangwa kwa watu kama elfu kumi tu, na leo tumepita 50,000, kwa hiyo fikirieni wenyewe redio moja ingekuwa na masikio mangapi.

Yetu ilitoka Lilongwe. Shemeji alikuwa na kaduka huko mjini. Mwaka 2023 serikali, kule Capital Hill kwenye wizara, ilitoa amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi kambini, na mwisho wa kurudi kwa hiari uliwekwa tarehe 15 Aprili. Shemeji aliuza friji, akauza mizani, akauza mpaka bango la mlangoni, kwa bei ambayo hata leo hataki kuitaja. Televisheni alikataa kuuza. Alikuja nayo kwenye gari la mizigo ameifunga na blanketi kama mgonjwa, ikabidi ikae kwetu kwa sababu kwake mabati yalikuwa bado hayajapigwa. Ndiyo tukawa na televisheni, ndugu zangu. Hatukuinunua. Na dekoda tulichanga nyumba tano, tukakubaliana kwamba nyumba zote tano zina haki ya kuingia siku ya mpira bila kupiga hodi mara mbili.

Sasa umeme. Hapo wasomaji wetu ni walimu kuliko sisi. Mnakumbuka Januari 2022, Malawi ilipoingia raundi ya pili ya CAN kule Kameruni ikakutana na Moroko? Mhango akafunga lile bao la mbali sana, kila mtu aliyeliona anakuhadithia kama vile alipiga yeye. Sisi hatukuliona. Wiki hiyohiyo kimbunga Ana kilikuwa kimepiga, mafuriko ya mto Shire yakavunja mtambo wa Kapichira, na nchi ikakosa sehemu kubwa ya umeme wake. Tulijua kuna bao kwa kelele zilizotoka upande wenye jenereta. Baadaye tukaambiwa Moroko imerudisha na kushinda 2 kwa 1, lakini hapo hakukuwa na kelele.

Kwa sababu hiyo shemeji alifunga betri ya gari na paneli moja juu ya nyumba. Hesabu yake tuliijua vizuri kuliko hesabu ya shule. Televisheni yetu ni ndogo, inakula wati 24. Dekoda wati 12. Jumla 36, na kwa betri ya voti 12 ni ampea 3 kila saa. Mechi ya kawaida pamoja na mapumziko ni saa mbili, kwa hiyo inakula 6. Ikiingia muda wa nyongeza na penati inakaribia saa tatu, inakula 9. Betri imeandikwa 50, na fundi alituambia tusiishushe chini ya nusu maana itakufa mapema, lakini ilikuwa imeshazeeka kabla ya kufika kwetu na ilitoa kama kumi hivi, basi. Na Januari na Februari ni miezi ya mvua Malawi, mawingu kutwa, paneli inapata jua la kuombaomba. Yaani betri yetu ilikuwa na mechi moja. Siyo moja na nusu. Moja.

Na mechi za usiku zilianza saa nne kwa saa za hapa.

Kongo ilianza pole pole. Sare na Zambia 1 kwa 1, sare na Moroko 1 kwa 1. Halafu tarehe 24 Januari ikacheza na Tanzania, na hapo nyumba yetu iligawanyika vipande viwili, kwa sababu bibi alikaa Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuja huku. Yeye anasema Tanzania ilimpa maji alipokuwa na kiu, hawezi kuishangilia ifungwe. Lakini Kongo nayo ni kwao alikozaliwa. Akaomba sare. Ikawa sare, 0 kwa 0, na Kongo ikapita kwa pointi tatu za sare tatu. Shemeji alisema timu inayopita bila kushinda ni kama mtu anayepata chakula bila kadi. Kijana wetu mkubwa hakujali hayo, yeye alikuwa anamtafuta Mayele uwanjani, maana amemjua Mayele tangu yuko Yanga, na Inonga pia kwa sababu ya Simba. Ndivyo watoto wetu waliozaliwa hapa wanavyoijua Kongo: kwa kupitia Dar es Salaam.

Tarehe 28 Januari ilikuwa Misri. Hii hatuwezi kuipita haraka. Elia alifunga kwa Kongo, Misri wakarudisha kwa penati kabla ya mapumziko. Muda wa nyongeza, hakuna. Penati. Saa sita ilishapita, betri imeanza kupiga alama nyekundu, shemeji amezima taa, amezima simu iliyokuwa inachajiwa, karibu azime na bibi. Wakapiga, wakapiga, mpaka ikafika zamu ya makipa. Kipa wa Misri akagonga mwamba. Akaja Lionel Mpasi, kipa wetu, akaweka mpira chini, akafunga. 8 kwa 7! Tuliruka wote, na picha ikazimika palepale, hatukuona hata alivyoshangilia. Tulishangilia kwenye giza. Mtaa wote ulikuwa unalia kwa furaha, watu wamepiga sufuria, na tuseme ukweli, tulivunja kanuni za usiku. Tunaomba radhi kwa wale waliokuwa wagonjwa.

Hapa tunataka kumleta jirani.

Katika zile nyumba tano tulizochanga, moja ni ya mzee mmoja kutoka Rwanda. Alitoka kwao akiwa kijana, akapita Kongo, akapita Tanzania, akaishia hapa kama sisi. Kiswahili chake alijifunza Bukavu, anasema "banakuya" na "haiko" kuliko hata watoto wetu, ambao Chichewa cha shuleni kimewaingilia ulimi. Ni mtu wa maneno machache. Siku ya mpira huja na kigoda chake mwenyewe, cha miguu mitatu, anakiweka pembeni ya mlango ili asimzibe mtu. Mechi ikiisha anabeba kigoda, anasema usiku mwema, anaenda. Mechi ya Misri alikuwepo. Ya Guinea, tarehe 2 Februari, alikuwepo: Guinea wakatangulia kwa penati, Mbemba akasawazisha, Wissa akafunga kwa penati, na Masuaku akamaliza kwa ule mpira wa faulo ulioingia wenyewe bila kuguswa. 3 kwa 1. Yeye ndiye aliyesema Guinea wamechoka, dakika kumi kabla hatujaona.

Basi ikafika Jumatano, tarehe 7 Februari. Siku hiyo kulikuwa na nusu fainali mbili, jioni Nijeria na Afrika Kusini, saa nne usiku Kodivaa na Kongo. Kwa betri ya mechi moja, hapo hakuna majadiliano. Tulijinyima ya kwanza. Shemeji alificha rimoti. Tulisikia kutoka kwa watu wanaopita kwamba Nijeria imeenda mpaka penati na imeshinda, na sisi tumekaa tunaiangalia televisheni nyeusi kama watu wanaongoja maiti. Saa nne kasoro robo tukawasha. Nyumba ilijaa, watoto mbele, wakubwa nyuma, bibi kwenye kiti chake, mzee jirani kwenye kigoda pembeni ya mlango.

Timu zikatoka, zikapanga mstari. Ukapigwa wimbo wa Kongo. Na wale wachezaji, karibu wote kwa pamoja, mkono mmoja wakaziba mdomo, na mkono wa pili wakaweka vidole viwili kwenye kipaji, hapa pembeni ya jicho, kama bunduki. Kocha naye, Desabre, ambaye ni Mfaransa, akafanya vilevile. Wakasimama hivyo.

Hatukuwa tumejiandaa. Tulikaa kimya. Siku zilezile watu walikuwa wanakimbia kutoka Sake kuingia Goma na magodoro kichwani kwa sababu ya vita vya M23, na tulikuwa tunapata habari hizo kwa simu, kwa minong'ono, tukizifunika watoto wakiingia. Na sasa ziko hapo katikati ya nyumba, kwenye mpira, mahali ambapo tulikuwa tumekuja kupumzika nazo.

Binti yetu mdogo ndiye aliyeuliza. "Mama, kwa nini banaziba kinywa?"

Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Ndipo kaka yake, wa miaka kumi na tatu, akamjibu kwa sauti ya mtu anayejua: kwamba watu wanauawa kule na dunia imenyamaza, na wanaowaua ni Wanyarwanda. Alisema hivyo, halafu akageuka. Watoto wengine nao wakageuka. Waliangalia pembeni ya mlango.

Mzee alikaa kidogo. Wimbo wa Kodivaa ukaanza. Akasimama, akasema, "Aksanti, nitakuja siku ingine," akatoka. Kigoda akakiacha.

Mechi tuliiangalia, tusidanganye. Kodivaa ile ilikuwa ya ajabu: ilifungwa 4 kwa 0 na Guinea ya Ikweta kwenye makundi, ikamfukuza kocha katikati ya mashindano yake yenyewe, ikapita kwa kubahatisha. Na aliyetumaliza dakika ya 65 ni Haller, ambaye mwaka 2022 alikuwa anatibiwa kansa. Aliupiga mpira ukadunda chini, ukampita Mpasi kwa juu. 1 kwa 0. Siku nyingine tungehuzunika wiki nzima. Usiku ule tulizima televisheni na betri bado ina nguvu, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Tulilala, lakini hatukusinzia. Mama wa nyumba ndiye aliyeanza. Alisema, yule mtoto hakuzaliwa Kongo, hajawahi kumwona mwanajeshi wa Rwanda wala wa Kongo, shuleni anakaa dawati moja na mtoto wa Mnyarwanda. Maneno yale ameyaokota wapi? Baba wa nyumba akasema, ameyaokota bombani, kwenye foleni ya maji, huko vijana wanasema mengi. Mama akanyamaza. Halafu akasema, "Siyo bombani."

Na kweli siyo bombani. Ni sisi. Kila simu ilipokuja kutoka nyumbani tulikuwa tunakata na kusema "hawa Wanyarwanda". Hatukusema jeshi la fulani, hatukusema serikali, hatukusema kundi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, na sisi hatusemi ni uongo, tena tulipoteza watu wetu. Lakini jeshi ni neno refu na hasira ni fupi. Tulisema kwa mkato, mtoto akapokea kwa mkato, na akaenda nao mpaka pembeni ya mlango. Tulidhani tunanong'ona kumbe nyumba ni chumba kimoja na pazia.

Tunaandika haya kwa aibu, wasomaji. Kuna aliyetushauri tusiyaandike. Lakini tunajua hatuko peke yetu, maana wiki ile tulizunguka kidogo tukauliza, na nyumba nyingi zenye televisheni zilikuwa na swali lilelile la mdomo na vidole. Wengine waliwaambia watoto "nyamaza, angalia mpira". Wengine walisema ni mtindo wa kushangilia. Mmoja alimpiga mtoto.

Kesho yake tuliwakalisha watoto. Hatukuwa na hotuba. Tuliwaambia wachezaji walikuwa wanalilia watu wa mashariki, kwamba mkono mdomoni maana yake watu wamenyamaza, na vidole ni bunduki. Tuliwaambia sisi wenyewe tulitokaje, kitu ambacho tulikuwa tunakiahirisha kila mwaka, tukisema wakue kwanza. Hatukuwaambia yote. Tuliwaambia njia, ziwa, na nani alibaki. Bibi aliongeza mambo mengine ambayo hata sisi hatukuyajua. Kijana akauliza, sasa mzee naye alikimbia nini kama wao ndio wenye bunduki? Tukamwambia hilo hatulijui, hatujawahi kumuuliza. Miaka yote tunakaa ukuta kwa ukuta, tunaazimana chumvi na jembe, na hatujawahi kumuuliza. Mtoto alituangalia vile watoto wanavyoangalia.

Kigoda kilikaa pale mlangoni Alhamisi na Ijumaa. Mama alifagia akikizunguka. Baba alitaka kukirudisha, mama akakataa, akasema ukimpelekea mtu kigoda chake umemwambia asirudi.

Jumamosi tarehe 10 ilikuwa mechi ya mshindi wa tatu, Kongo na Afrika Kusini. Mechi ambayo kwa kawaida watu hawaijali sana. Mchana tulimtuma kijana mwenyewe aende kwa mzee. Alikataa, akalia, tukangoja, akaenda. Tulimwambia aseme tu kwamba usiku kuna mpira na kigoda kiko mahali pake. Alichoongeza yeye hatukumuuliza. Alikaa huko karibu saa nzima, na aliporudi alikuwa amebeba mahindi mawili ya kuchoma.

Mzee alikuja saa tatu na nusu. Alisalimia, akakaa. Baba akaanza kuomba msamaha kwa maneno mengi, mzee akamsimamisha kwa mkono. Alisema neno moja tu la jambo lile. Alisema hakukasirishwa na wachezaji, na wao wana haki yao, hata yeye kule Kongo aliacha makaburi ya watu wake, msituni, bila msalaba. "Nilitoka kwa sababu batoto baliacha televisheni," alisema, "bakaniangalia miye."

Tukiwa tunangoja saa nne, shemeji aliwahadithia watoto habari ya Ndaye Mulamba, na kwa kuwa vijana wengi wa hapa hawaijui, tuiseme. CAN ya mwaka 1974, kule Misri, Zaire ilichukua kombe. Ndaye alifunga mabao 9 katika mashindano yale, hakuna aliyewahi kufikisha hayo katika CAN moja. Fainali na Zambia ilikwisha 2 kwa 2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2 kwa 0, na mabao yote manne ya Zaire aliyafunga yeye. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1994, alialikwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha wakamvamia wakidhani amekuja na pesa, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akawa mkimbizi kama sisi, maskini, hakuna anayemjua. Mwaka 1998 kwenye CAN ya Burkina Faso uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumkumbuka, kwa sababu habari zilifika kwamba amekufa. Na mwenyewe yuko hai Afrika Kusini! Alifariki kweli mwaka 2019. Watoto walicheka sana juu ya dakika ile ya kimya. Mzee jirani hakucheka. Aliuliza kama baadaye kuna mtu aliyemwomba radhi. Shemeji hakujua.

Mechi ilikuwa mbaya, 0 kwa 0, miguu mizito pande zote mbili. Penati tena, na golini mwao yupo Ronwen Williams, ambaye kwenye robo fainali alidaka penati nne za Cape Verde. Afrika Kusini ikashinda 6 kwa 5. Kongo ikawa ya nne. Bibi alisema nne ni namba nzuri, mtu ana miguu miwili tu na meza ina minne. Hatukuelewa lakini tulikubali.

Tangu siku ile mengine yametokea. Januari 2025 Goma ilichukuliwa, Februari Bukavu, na simu zililia usiku na mchana. Safari hii hatukuzima sauti watoto walipoingia. Tulijitahidi kusema "M23", kusema "jeshi", kusema majina ya watu wenye vyeo. Siku nyingine tunashindwa, neno linatoroka, na kijana anatuangalia, tunalirudia vizuri. Mzee naye ana watu Bukavu, watoto wa marehemu dada yake. Alikuja kwetu kusikiliza habari kwa sababu simu yake haina chaji, siyo kwa sababu ya mpira.

Kwa wale wanaotuuliza juu ya mashindano yanayokuja: ndiyo, nyumba iko wazi kwa zile nyumba tano na kwa yeyote mwenye adabu. Betri tumebadilisha, hii mpya inabeba mechi mbili jua likiwepo. Watoto wadogo waletwe na mzazi wao, wasitumwe peke yao, maana wanauliza na sisi hatuwezi kuwajibia wenu. Mama anaomba msikae juu ya magunia. Viti vyetu havitoshi, kila mtu aje na chake, isipokuwa mzee jirani. Chake kiko pale mlangoni.